Mama wa Watoto Watatu Katika Timu ya Taifa

Wako akina mama wanaotuuliza, kliniki na hata nje ya kanisa baada ya ibada, kama kuzaa ndio mwisho wa yale waliyokuwa wakiyafanya kabla ya kuitwa mama. Mmoja alikuwa mwimbaji wa kwaya, mwingine alikuwa akisomea ualimu, mwingine alikuwa na cherehani yake barazani. Mtoto amezaliwa, jamaa wote wamefurahi, na bila mtu yeyote kutangaza lolote, cherehani imefunikwa kitambaa. Miaka inapita. Mama akiulizwa, anasema ndivyo ilivyo kwa wanawake wote.

Je, ni kweli ndivyo ilivyo? Mwezi huu tumeona tulijibu swali hilo kwa habari za mwanamke mmoja ambaye kazi yake ilihitaji nguvu za mwili kuliko kazi nyingi tunazozifahamu. Kazi hiyo ni kucheza mpira wa miguu. Jina lake ni Joy Fawcett, raia wa Marekani. Aliichezea timu ya taifa ya nchi yake tangu mwaka 1987 hadi 2004, na katika miaka hiyo hiyo alizaa watoto watatu. Hakuacha mpira ili azae, wala hakukataa kuzaa ili acheze mpira. Lakini tusidanganyane: hakuyaweza hayo peke yake, na hapo ndipo penye somo letu.

Binti wa nyumba yenye watoto tisa

Joy alizaliwa tarehe 8 Februari 1968 katika jimbo la California, akakulia mji wa Huntington Beach, ufukweni mwa bahari ya Pasifiki. Jina la baba yake ni Biefeld; Fawcett ni jina la mumewe, Walter. Nyumbani kwao walizaliwa watoto tisa, kwa hiyo tangu utotoni alizoea nyumba yenye kelele, kugawana na kusubiri zamu. Alisoma Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, na alipokuwa huko, mwaka 1987, aliitwa katika timu ya taifa. Alikuwa na miaka 19.

Tusifikiri kwamba aliitwa kwenye utajiri. Timu ya wanawake ya Marekani ilikuwa changa. Mechi yake ya kwanza kabisa ilichezwa mwaka 1985. Kombe la Dunia la wanawake lilikuwa halijaanzishwa, na mpira wa wanawake ulikuwa haujaingizwa katika Michezo ya Olimpiki. Aliyecheza alicheza kwa kuupenda mchezo.

Kombe la Dunia la kwanza la wanawake lilichezwa nchini China mwezi wa Novemba 1991, likiwa na timu 12. Mechi zilichezwa kwa dakika 80, badala ya zile 90 wanazocheza wanaume, kana kwamba mwanamke angeanguka chini katika dakika kumi za mwisho. Marekani iliifunga Norwei mabao 2 kwa 1 katika fainali, na Joy alikuwa miongoni mwa mabingwa hao wa kwanza wa dunia. Alikuwa beki, yaani mlinzi. Kazi ya beki, kama ilivyo kazi ya mama, huonekana zaidi siku inapoharibika. Akizuia hatari ishirini hakuna anayehesabu. Ikipita moja, uwanja mzima unamnyoshea kidole.

Hofu kwamba mpira huharibu uzazi

Kabla hatujaendelea, tuseme jambo ambalo tunalisikia sana kwa wazazi. Wapo wanaoamini kwamba msichana anayecheza mpira hatazaa, kwamba kukimbia na kuruka kutalegeza mji wa mimba, au kwamba atageuka kuwa kama mwanamume. Hofu hiyo si ya kwetu peke yetu. Huko Uingereza, tarehe 26 Desemba 1920, watu wapatao 53,000 walifurika katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, kuitazama timu ya wanawake iliyoitwa Dick, Kerr Ladies. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1921, chama cha mpira cha nchi hiyo kilizikataza klabu zake kuwapa wanawake viwanja, kikisema kwamba mchezo huo haufai kwa wanawake. Katazo hilo lilidumu karibu miaka 50. Brazil nayo iliwakataza wanawake kwa sheria mwaka 1941, na ruhusa ilirudi mwaka 1979.

Sisi wauguzi tunasema hivi. Mji wa mimba umekaa ndani kabisa ya nyonga, umezungukwa na mifupa na misuli. Kupiga mpira hakuufikii. Kinachoweza kumdhuru binti ni mazoezi mazito bila chakula cha kutosha. Mwili ukiona chakula hakitoshi, hupunguza matumizi, na hedhi inaweza kusimama. Hiyo ni ishara kwamba binti anahitaji kula na kupumzika, na mara nyingi hedhi hurudi akifanya hivyo. Binti ambaye si mjamzito akikosa hedhi kwa miezi 3 mfululizo, aletwe kliniki. Apate ugali au wali wake wa kutosha, maharage, dagaa, mayai ikiwezekana, na mboga za majani kama mchicha na matembele. Kisha aachwe acheze.

Na kama yupo mzazi ambaye bado ana shaka, sasa asikilize habari za uzazi wa Joy.

Mtoto wa kwanza, wa pili na wa tatu

Mwaka 1993 Joy alipewa kazi ya kuwa kocha wa kwanza wa timu ya wanawake ya chuo kikuu cha UCLA, mjini Los Angeles. Akawa sasa na kazi mbili: kuwafundisha wanafunzi na kuichezea nchi yake. Mwezi wa Mei 1994 akajifungua binti, Katelyn. Watu wengi wangetarajia kwamba huo ndio mwisho. Mwezi wa Juni 1995, Katelyn akiwa amepita tu mwaka mmoja, Kombe la Dunia la pili lilichezwa Uswidi. Joy alikuwemo, na alicheza kila dakika ya kila mechi ya timu yake. Marekani ilitolewa na Norwei katika nusu fainali, ikawa ya tatu.

Mwaka 1996 mpira wa wanawake uliingia kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, iliyofanyika Atlanta. Fainali ilichezwa katika mji unaoitwa Athens, katika jimbo hilo hilo la Georgia, mbele ya watazamaji zaidi ya 76,000. Marekani na China zilikuwa bao 1 kwa 1. Ndipo Joy akatoka kwenye ulinzi wake, akapanda na mpira upande wa kulia, akampa mwenzake Tiffeny Milbrett, naye akafunga. Medali ya dhahabu ikapatikana kwa miguu ya mama mwenye mtoto wa miaka miwili.

Mei 1997 alizaliwa binti wa pili, Carli. Joy akarudi tena. Mwaka 1999 Kombe la Dunia lilichezwa nyumbani kwao Marekani. Katika robo fainali dhidi ya Ujerumani, tarehe 1 Julai, mambo yalianza vibaya: beki mwenzake, Brandi Chastain, alijifunga mwenyewe katika dakika ya tano. Hadi mapumziko Ujerumani ilikuwa mbele kwa mabao 2 kwa 1. Chastain huyo huyo akasawazisha kipindi cha pili, kisha ikapigwa kona, na Joy akafunga kwa kichwa bao la tatu, lililoivusha timu yake. Siku tisa baadaye, katika fainali dhidi ya China, watazamaji 90,185 waliujaza uwanja wa Rose Bowl katika mji wa Pasadena. Dakika 120 zilikwisha bila bao. Joy alipiga penalti ya pili ya timu yake, akafunga, na Marekani ikatwaa kombe kwa penalti 5 kwa 4. Nahodha wa timu, Carla Overbeck, naye alikuwa mama wa mtoto mdogo aliyezaliwa mwaka 1997. Kwa hiyo katika safu ya ulinzi ya mabingwa wa dunia walisimama akina mama wawili.

Katika Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000, walipata medali ya fedha. Mwaka 2001 ilianza kuchezwa ligi ya kulipwa ya wanawake nchini Marekani, iliyoitwa WUSA, na Joy alikuwa mmoja wa wachezaji waanzilishi, akiwa na klabu ya San Diego Spirit. Mwezi wa Juni mwaka huo huo akajifungua binti wa tatu, Madilyn. Ligi ile haikudumu. Ilisimamishwa Septemba 2003 kwa kukosa fedha, siku chache tu kabla ya Kombe la Dunia. Joy, akiwa na miaka 35, alikuwa katika kikosi kilichoshika nafasi ya tatu katika Kombe hilo. Mwaka 2004 alikuwa katika kikosi kilichotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Athens, Ugiriki, kisha akastaafu. Alikuwa ameichezea nchi yake mechi 241 na kuifungia mabao 27, mengi kuliko beki mwingine yeyote wa kike wa nchi hiyo kufikia wakati huo. Mwaka 2009 jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la Soka la Marekani. Miaka ya baadaye alikuwa mmoja wa makocha wa timu ya wanawake viziwi ya nchi yake.

Nani alimshika mtoto?

Tukisoma habari kama hizi, akina mama wengi tunajiuliza swali ambalo magazeti ya michezo hayaulizi. Mama anapocheza dakika 90, nani ameshika mtoto? Anaposafiri wiki tatu kwenda nchi nyingine, mtoto ananyonya nini, analala na nani?

Jibu ni kwamba watoto walisafiri na mama yao. Walikuwapo hotelini, ndani ya basi la timu na pembeni mwa uwanja wa mazoezi. Wachezaji wenzake waliwazoea kama watoto wa dada zao. Pamoja nao alisafiri yaya, na gharama za yaya huyo hazikutoka mfukoni mwa Joy: zililipwa na shirikisho la mpira la Marekani. Jambo hilo halikuja kama zawadi. Wachezaji walisimama pamoja na kulidai, hata wale ambao hawakuwa na mtoto.

Wasichana hao walikuwa wamejifunza kusimama pamoja. Mwishoni mwa mwaka 1995, kabla ya Olimpiki ya Atlanta, shirikisho lilitaka kuwapa wanawake bonasi ikiwa tu watapata dhahabu. Wachezaji tisa, Joy akiwa mmoja wao, walikataa kutia sahihi, wakazuiwa kuingia kambini. Baadaye pande zote zilielewana na wote wakarudi. Fikiri kidogo, mama mwenzetu: Joy alikuwa na mtoto mdogo nyumbani na michezo mikubwa kuliko yote mbele yake, na bado alikubali kukosa kambi pamoja na wenzake.

Tunda la madai yale lilikwenda mbali kuliko walivyotazamia. Mkataba mpya wa wachezaji wa Marekani uliotiwa sahihi mwaka 2022 ulisawazisha malipo ya wanawake na wanaume. Katika mkataba huo huo, huduma ya kulea watoto kambini, ambayo timu ya wanawake ilikuwa nayo kwa zaidi ya miaka 25, ilitolewa kwa mara ya kwanza na kwa timu ya wanaume. Wanaume nao ni baba, nao wana watoto. Kilichoanza kama shida ya mama mmoja kikawa nafuu ya familia nyingi.

Wazee wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Wengi wetu tunaisema methali hiyo kwenye harusi na kwenye ubatizo, kisha tunamwachia mama mmoja mtoto, jiko, mifugo na shamba.

Tusichopaswa kukiiga

Joy alirudi uwanjani mapema sana kila alipojifungua. Tunamsifu kwa moyo wake, lakini kama wauguzi hatuwezi kuwaambia akina mama wafanye kama yeye. Yeye alikuwa mwanamichezo tangu utoto, alikuwa na kocha na daktari karibu, na chakula hakikuwa tatizo. Mama anayepanda ngazi za kliniki yetu akiwa na upungufu wa damu yuko katika hali nyingine kabisa.

Desturi yetu ya arobaini ina hekima. Mji wa mimba huchukua kama wiki 6 kurudi katika ukubwa wake wa kawaida, na hizo ni siku 42. Katika siku hizo mama apumzike, atembee taratibu ndani na kuzunguka nyumba ili damu isigande miguuni, na asibebe ndoo wala kuni. Mazoezi ya kwanza ni ya misuli ya chini inayokishikilia kibofu na mji wa mimba. Ibane kana kwamba unazuia mkojo, hesabu hadi 5, iachie. Rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Unaweza kuyafanya ukiwa umekaa unanyonyesha, na hakuna atakayejua. Mazoezi haya humsaidia mama asivujwe mkojo akikohoa au kucheka, jambo ambalo wengi huliona aibu na kulificha kwa miaka.

Kukimbia na kuruka kusubiri. Washauri wengi wa siku hizi husema mama angoje kama miezi 3, na aliyepasuliwa asianze kabla ya kuonwa na mtaalamu. Akivujwa mkojo, akihisi kitu kizito kinashuka ukeni, au damu ikirudi kutoka, asimame na aende kituo cha afya. Na katika wiki za mwanzo asisubiri kesho akiona damu nyingi, homa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu.

Kuhusu kunyonyesha, wako wanaosema kwamba maziwa ya mama aliyetoka jasho au aliyekaa juani huchacha. Si kweli. Maziwa yaliyo ndani ya titi hayachachi. Mama anyonyeshe kabla ya kwenda kazini au mazoezini ili matiti yawe mepesi, avae sidiria inayomshika vizuri, anywe maji ya kutosha, na akirudi ajifute jasho kifuani kisha amnyonyeshe mtoto wake. Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, ndivyo tunavyofundisha kila siku, na kazi ya mama haibadilishi fundisho hilo. Inachodai ni msaada.

Haki iliyoandikwa

Msaada huo usibaki kuwa hisani tu. Kuanzia Januari 2021, shirikisho la mpira la dunia, FIFA, liliweka kanuni kwa wachezaji wa kike wa kulipwa katika nchi zote wanachama, zikiwamo za kwetu Afrika Mashariki. Mchezaji mjamzito ana haki ya likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na angalau 8 kati ya hizo ziwe baada ya kujifungua. Katika likizo hiyo alipwe angalau theluthi mbili za mshahara wake. Klabu hairuhusiwi kuvunja mkataba kwa sababu ya mimba, na mama akirudi apewe nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa.

Kanuni hizo zilijaribiwa mapema. Sara Björk Gunnarsdóttir, nahodha wa timu ya Aislandi, alipata mimba mwaka 2021 akiwa mchezaji wa klabu ya Lyon ya Ufaransa. Alirudi kwao kujifungua, na mtoto akazaliwa Novemba mwaka huo. Mshahara wake haukulipwa kama ilivyopaswa. Akashtaki kwa FIFA akisaidiwa na chama cha wachezaji, na mwaka 2022 baraza la FIFA likaamuru alipwe zaidi ya euro 82,000 pamoja na riba. Fedha zile zilikuwa zake, lakini faida ilikuwa ya wengi: kila klabu duniani ilijua sasa kwamba kanuni ile ina meno.

Nasi tuzijue sheria zetu. Kwa Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inamzuia pia kurudi kazini kabla ya wiki 6 tangu kujifungua, isipokuwa mganga amethibitisha kwamba yuko salama, na akirudi ana haki ya kupata hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Kwa Kenya, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inampa miezi 3 yenye malipo. Akina mama wengi huambiwa juu juu na mwajiri wakanyamaza. Binti wa kazi aliyeko jikoni kwetu naye ni mwajiriwa. Je, akipata mimba tunamtendea kama tunavyotaka mabinti zetu watendewe, au tunamfungashia nguo zake usiku?

Kuanzia nyumbani kwetu

Si kila mama atacheza mpira, na si lazima. Lakini kila mama ana kitu ambacho Mungu alikiweka mkononi mwake kabla hajampa mtoto, na mtoto hakuja kukifuta. Yule mwanamke anayesifiwa katika Mithali sura ya 31 ana watoto na mume, na pia ana shamba, ana biashara na ana kazi za mikono. Mara nyingi tunamsoma sura hiyo na kuona jinsi alivyochoka tu. Tuone pia kwamba alikuwa na watumishi nyumbani, na kwamba mumewe alimwamini.

Kwa hiyo tuanze na mazungumzo. Mama aongee na mumewe kabla mtoto hajazaliwa, si siku ya kuchoka na kugombana. Wakubaliane nani atamwogesha mtoto jioni, nani atakaa naye siku ya mazoezi ya kwaya au ya masomo, na fedha za msaidizi zitatoka wapi. Baba anayembeba mtoto wake mgongoni hajapungukiwa na ubaba. Mama mkwe naye asisahauliwe katika mazungumzo hayo. Wengi wako tayari kusaidia lakini husubiri waombwe kwa heshima.

Umoja wa wanawake kanisani nao una sehemu yake. Tunajua kwenda na zawadi, unga na sabuni, mtoto anapozaliwa. Hayo ni mema, tuendelee. Lakini tuweke pia zamu, akina mama wawili kila Jumamosi, wa kukaa na watoto wachanga kwa saa tatu ili mama zao waende darasani, sokoni au walale tu. Hilo halihitaji fedha. Linahitaji daftari na watu wa kutimiza ahadi.

Na wenye mabinti wanaopenda mpira tuwape baraka pamoja na ulinzi. Tumjue kocha wake ni nani, wanafanyia mazoezi wapi na wanarudi saa ngapi. Tuhakikishe ana chakula, ana viatu na ana vitambaa au pedi za siku zake, kwa maana wasichana wengi huacha michezo kwa sababu hiyo moja na wanaona haya kuisema. Siku ya mechi twende tukamtazame. Kuna jambo hukaa moyoni mwa mtoto anapomwona mama yake amesimama pembeni mwa uwanja akipiga vigelegele.

Ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni kipawa gani tulichokifunika kitambaa baada ya kuzaa? Nani angeweza kutusaidia kukifunua?

2. Wachezaji wasio na watoto walimdai yaya kwa ajili ya mwenzao. Katika umoja wetu, ni shida gani ya mama mmoja tunayoweza kuidai au kuibeba wote?

3. Je, tunazijua haki za likizo ya uzazi mahali tunapofanya kazi? Na wale tuliowaajiri majumbani kwetu, tunawapa?

4. Baba wa nyumba zetu wangejibuje wakiulizwa: mama anapotoka, nani anamshika mtoto?

Mungu awabariki akina mama wote, walio katika arobaini na walio shambani, wenye watoto wa kuwazaa na wenye watoto wa kuwalea. Na anayetoka nyumbani leo kwenda kwenye kazi yake, atoke kwa amani, akijua kwamba nyuma yake mtoto ameshikwa na mikono mizuri.